Ufukwe wa Mwanza Ulipimwa kwa Ajili ya Nani?

Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu kuutazama mji wa Mwanza kutoka majini. Kivuko cha Kamanga kinapong'oka karibu na Jiwe la Bismarck, miji miwili hujitokeza. Mmoja ni rasi ya Capri Point: viwanja vipana, miti mikubwa, baraza zinazotazama ziwa na klabu ya mashua za starehe. Mwingine uko vilimani, ambako nyumba zimebanana juu ya mawe na mtu hufika kwake kwa miguu tu. Mimi huwauliza: nani aliamua iwe hivi?

Jibu lina tarehe. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, pamba ikiwa miongoni mwa shabaha zao. Mwaka 1928, chini ya Waingereza, reli kutoka Tabora ikafika na kukutana na meli. Utawala huo uligawa miji ya Tanganyika kwa kigezo cha msongamano wa nyumba: mdogo, wa kati na mkubwa. Karatasini hicho kilikuwa kigezo cha afya na ujenzi. Mitaani watu waliita uzunguni, uhindini na uswahilini. Uhuru wa 1961 uliondoa rangi katika msamiati wa mipango, lakini viwanja vilibaki na vipimo vilevile, na upepo mwanana wa ziwa ukabaki kuwa haki ya mwenye cheo au fedha.

Nisieleweke vibaya: simlaumu aliyepanga kwa sababu alipanga. Capri Point inatufundisha kwamba nafasi na miti huulinda ufukwe, ilhali vilima visivyopangwa humwaga majitaka yake katika mto Mirongo, nao huyapeleka ziwani. Kosa ni kupanga kwa ajili ya anayelitazama ziwa na kumsahau anayeishi kwa ziwa.

Tazama mwalo wa Kirumba. Mteremko wa kuvutia mitumbwi, uwazi wa kupakulia mizigo ya dagaa, meza za akina mama, njia ya mikokoteni: huo nao ni usanifu, ingawa haukuchorwa na mhandisi. Mji wenye wakazi zaidi ya milioni 1 hula kutokana nao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ni sheria yenye hekima, kwa kuwa ziwa hili husogea. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 likapanda tena na kufikia kina cha juu kuliko kile. Lakini sheria hupimwa kwa utekelezaji. Mita 60 zikihesabiwa kwa mama anayeanika dagaa, zihesabiwe pia kwenye ukuta wa hoteli. Tena zihesabiwe kuanzia maji yalipofika mwaka 2020, si yalipokuwa siku mwekezaji alipoleta mchoro.

Leo kila halmashauri ya ukanda wa ziwa ina ndoto ya ufukwe wa kisasa. Ndugu yangu mpima ardhi, ndugu yangu ofisa mipango: kabla ya kuchora gati la mashua za starehe, chora mwalo kwanza, uupe mipaka na hati. Kisha chora njia ya umma ya kufika majini, isiyo na geti wala mlinzi. Vinginevyo tutakuwa tumejenga uzunguni mpya kwa kodi yetu wenyewe.