Fahamu milima ya Antaktika, bara la barafu

Msikilizaji, likitajwa bara la Antaktika wengi wetu hufikiria uwanja mweupe, tambarare, usio na mwisho. Kumbe bara hilo lina milima mirefu, mabonde na hata volkeno iliyo hai. Leo tunaeleza milima hiyo iko wapi na kwa nini inatuhusu.

Antaktika iko ncha ya kusini ya dunia. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 14, karibu nusu ya Afrika. Asilimia 98 hivi ya ardhi yake imefunikwa na barafu yenye unene wa wastani wa karibu kilomita 2. Haina wenyeji, wanaokaa huko ni watafiti na wahudumu wa vituo vyao. Tarehe 21 Julai 1983, kituo cha Vostok kilipima baridi ya nyuzi 89.2 chini ya sifuri.

Safu inayoligawa bara

Milima ya Transantarctic ina urefu wa kilomita 3,500 hivi na inaligawa bara pande mbili: mashariki na magharibi. Safu hii ni kama ukuta unaozuia barafu nyingi ya mashariki. Barafu hupenya kwenye mianya tu, ikiteremka polepole kama mto mzito kuelekea baharini.

Mlima mrefu kuliko yote

Mlima Vinson, katika Milima ya Ellsworth upande wa magharibi, una mita 4,892. Kilimanjaro yetu, yenye mita 5,895, inauzidi kwa mita 1,003. Wapandaji wa kwanza kufika kilele cha Vinson walikuwa Wamarekani, Desemba 1966.

Moto katikati ya barafu

Kwenye kisiwa cha Ross upo Mlima Erebus, wenye mita 3,794. Ni volkeno hai, na ndani ya kasoko yake kuna ziwa la lava.

Milima isiyoonekana

Mwaka 1958 watafiti wa Kisovieti waligundua Milima ya Gamburtsev upande wa mashariki. Hakuna aliyeiona kwa macho, kwa sababu yote imezikwa chini ya barafu. Hutambuliwa kwa vipimo vya mitetemo na rada.

Mawe yanayosimulia

Mwaka 1912 Mwingereza Robert Scott na wenzake walikufa kwa baridi na njaa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Pamoja na udhaifu wao, walikuwa bado wanakokota kilo 16 hivi za mawe waliyookota milimani. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na alama za majani ya mmea wa kale uitwao Glossopteris, ambao mabaki yake yamepatikana pia Afrika, India na Australia. Ni moja ya ushahidi kwamba zamani mabara haya yalikuwa ardhi moja, na kwamba Antaktika iliwahi kuwa na misitu.

Kwa nini inatuhusu?

Barafu ya Antaktika yote ikiyeyuka, bahari duniani itapanda kwa karibu mita 58. Hilo si jambo la kesho wala keshokutwa. Lakini hata sehemu ndogo tu inatosha kuleta madhara. Upande wa magharibi ndio unaotia hofu zaidi, kwa kuwa ardhi iliyo chini ya barafu yake, kwa sehemu kubwa, iko chini ya usawa wa bahari. Maji ya bahari yenye joto huingia chini ya kingo za barafu na kuiyeyusha kutokea chini.

Bahari haina mipaka. Maji yakiongezeka kule, huongezeka Lamu, Zanzibar na Kilwa pia. Chumvi ikiingia visimani na mashambani, mkulima wa pwani ndiye wa kwanza kuionja.