Mabawabu Wawili wa Mlango Mmoja: Mitihani ya Kiingereza kwa Wanafunzi Waendao Ng'ambo

Mtu akiazimia kwenda ng'ambo kutafuta elimu, hutakiwa kuonyesha mambo mengi: cheti cha shule, fedha ya karo na hati ya kusafiria. Tena, kama aendako husomeshwa kwa Kiingereza, mara nyingi hutakiwa kuonyesha jambo jingine lisiloweza kutiwa mfukoni wala kuhesabiwa mezani, nalo ni kadiri ya lugha iliyomo kichwani mwake. Kwa ajili ya jambo hilo mtihani umebuniwa. Wengi hudhani kuwa mtihani huo ni mfano wa mizani ya dukani, isiyojali anayepimiwa ni nani. Historia yake yaonyesha vingine. Karibu tangu mwanzo umetumikia mabwana wawili, chuo na serikali, na kila bwana ana haja yake.

Katika mwaka wa 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani wa umahiri wa Kiingereza kwa watu wa mataifa mengine, hasa wale waliotaka kuifundisha lugha hiyo kwao. Mtihani ulichukua saa 12 hivi. Mtahiniwa alifasiri Kiingereza kwa Kifaransa au Kijerumani, kisha akafasiri lugha hizo kwa Kiingereza, akaandika insha, akajibu maswali ya sarufi, ya fasihi na ya elimu ya sauti, akaandika imla, akasoma kwa sauti na kuzungumza na mtahini. Waliojaribu mwaka ule walikuwa watatu, na hakufaulu hata mmoja.

Habari hii husimuliwa kwa kicheko, lakini ina fundisho. Watahini wa 1913 waliihesabu lugha kuwa elimu kamili, yenye vitabu vyake na adabu yake, na aliyetaka cheti alipaswa kuingia katika elimu hiyo yote. Hawakuuliza kama mgeni aweza kufuata somo la mhandisi au kuandika ripoti ya maabara. Swali hilo lilikuja baadaye, na halikuletwa na walimu peke yao.

Marekani ilipitisha sheria ya uhamiaji katika mwaka wa 1924, ikaweka idadi maalumu ya wageni walioruhusiwa kuingia kutoka kila taifa. Wanafunzi hawakutiwa katika idadi hiyo. Basi maofisa wa uhamiaji wakaingiwa na wasiwasi kuwa wako watakaopitia mlango wa shule ili kuingia nchini, wala si kusoma. Wakavitaka vyuo vieleze, katika barua za kuwakubali wanafunzi wa kigeni, kila mmoja ajua Kiingereza kwa kadiri gani. Lakini chuo kilicho Chicago kingejuaje Kiingereza cha mtu aliye Shanghai? Ndipo College Board, baraza lililokwisha kutunga mitihani ya kuingilia vyuo, likatunga mtihani wa Kiingereza kwa wageni, ukaanza katika mwaka wa 1930. Mtihani huo haukudumu. Dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka wa 1929 ilipunguza wasafiri, watahiniwa wakawa wachache, na katika mwaka wa 1935 ukaachwa. Lakini tayari karatasi moja ilikuwa imepewa kazi mbili: kukiambia chuo kama mtu aweza kusoma, na kuiambia serikali kama mtu ni mkweli.

Baada ya hapo wataalamu wa lugha wakaishika kazi. Katika mwaka wa 1941 Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua taasisi ya Kiingereza chini ya Charles Fries. Mwanafunzi wake, Robert Lado, alifundisha kuwa ugumu wa mgeni hukaa pale ambapo lugha yake na lugha ya pili hutofautiana. Mtu aliyelelewa na irabu tano za Kiswahili, kwa mfano, husikia *ship* na *sheep* kama neno moja. Kwa hiyo mtihani wapaswa kuvitafuta vikwazo hivyo kimoja kimoja. Mwanasaikolojia John Carroll alikubali kuwa njia hiyo ina faida, lakini alikumbusha kuwa mtu hasikii sauti moja moja wala hasomi neno moja moja. Husikia na kusoma maana nzima, tena kwa haraka. Carroll alitoa hoja hiyo katika mkutano uliofanyika Washington katika Mei 1961.

Mkutano huo ulikuwa na sababu. Wanafunzi wa kigeni walikuwa wakiongezeka Marekani, na Afrika Mashariki ilikuwa na fungu lake. Katika Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda huko, safari iliyotengenezwa na Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, na wengine mamia wakafuata. Siku zile hapakuwapo mtihani mmoja uliotambuliwa na vyuo vyote. Baraza la kuutunga likaundwa katika mwaka wa 1962, na mtihani wenyewe, TOEFL, ukafanywa mara ya kwanza katika mwaka wa 1964. Ulikuwa mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa. Njia hiyo ilikuwa rahisi kusahihisha na haikutoa nafasi ya upendeleo wa msahihishaji. Lakini mtu aliweza kupata alama za juu pasipo kuandika sentensi moja wala kutamka neno. Insha iliongezwa katika mwaka wa 1986, na mazungumzo yakawa sehemu ya mtihani wenyewe katika mwaka wa 2005, ulipohamia katika intaneti.

Uingereza ilifuata njia yake. British Council ilianza kutumia mtihani wa Alan Davies katika mwaka wa 1965. Katika mwaka wa 1980 ukaja mtihani wa ELTS, uliojaribu jambo la ujasiri: daktari apimwe kwa maandishi ya tiba, fundi kwa maandishi ya ufundi, na mwanajamii kwa maandishi ya jamii. Wazo lilikuwa zuri, lakini watungaji walipata taabu kuigawa elimu mafungu yasiyoingiliana. IELTS ilipochukua mahali pake katika mwaka wa 1989 mafungu yalipunguzwa, na katika mwaka wa 1995 yaliondolewa, wanafunzi wote wa vyuo wakarudi kwenye karatasi moja. Swali la mwanafunzi, "Je, Kiingereza hiki chatosha kwa kazi niendayo kuifanya?" likashindwa na haja ya hesabu iliyo nyepesi kulinganishwa. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Katika Afrika Mashariki habari hii haikuwa ngeni. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake *Decolonising the Mind* cha mwaka wa 1986, amemkumbuka mvulana wa darasa lake la mwaka wa 1954 aliyefanya vizuri mno katika masomo yote, akaanguka Kiingereza peke yake. Alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote, akaenda kuwa taniboi wa basi. Hesabu yake, sayansi yake na jiografia yake havikupungua kitu. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na bawabu wake alikuwa Kiingereza.

Wajukuu wa kizazi kile husomeshwa kwa Kiingereza miaka mingi, hufanya mitihani ya taifa kwa Kiingereza, na wengi hupata shahada kwa Kiingereza. Viko vyuo vya ng'ambo vinavyokubali ushahidi huo. Lakini orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake husamehewa kuthibitisha Kiingereza ina Jamaika na Guyana, na Kenya, Uganda na Tanzania hazimo. Kisha cheti cha TOEFL au cha IELTS hukubaliwa kwa miaka miwili tu, kana kwamba lugha ni dawa iliyoandikwa tarehe ya kuharibika. Mwenye kipato kidogo, akikosa nafasi ya chuo mwaka huu na ujao, hulipa tena kuthibitisha lile lile.

Hatari ya kuwaweka mabawabu wawili katika mlango mmoja ilionekana wazi Uingereza katika mwaka wa 2014. Televisheni ya BBC ilifichua udanganyifu katika mtihani mmoja wa Kiingereza uliotumiwa kwa maombi ya viza: watu wengine waliketi mahali pa watahiniwa. Udanganyifu ulikuwapo kweli, tena ulikuwa mkubwa. Lakini serikali ilipochukua hatua, matokeo zaidi ya 30,000 yalihesabiwa kuwa batili, na maelfu ya watu wakanyimwa au kuondolewa ruhusa ya kukaa. Baadhi walipigania haki yao miaka mingi, na wako waliosafishwa na mahakama. Mtu aliyekwisha kusoma darasani, ambaye walimu wake walimsikia akisema kila siku, alihukumiwa kwa karatasi ya zamani. Walimu walikuwa na ushahidi. Aliyeaminiwa ni bawabu wa pili.

Haifai kusema kwamba mitihani hii ni bure. Mwanafunzi asiyeielewa lugha ya darasa huteseka, hupoteza fedha ya wazazi wake, na hurudi na aibu isiyo yake. Kumwonya kabla hajasafiri ni wema. Lakini wachunguzi wameona mara nyingi kuwa alama ya lugha hutabiri kwa kadiri tu jinsi mtu atakavyofaulu chuoni. Bidii, matayarisho na msaada wa walimu vina sehemu kubwa. Alama ni onyo na shauri. Ikifanywa hukumu ya uaminifu wa mtu, imebebeshwa mzigo ambao waliotunga maswali hawakuwa na njia ya kuupima.

Watu watatu walioanguka katika mwaka wa 1913 hawakuzuiwa mpakani kwa kuanguka kwao. Walikuwa wameshindwa mtihani wa lugha, na basi. Chuo chapaswa kuuliza kama mgeni aweza kusoma, na serikali yaweza kuuliza kama ni mkweli. Lakini kila swali lina haki ya ushahidi wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, wala hawakudai kuwa mgeni akikosea neno katika salamu ni mwizi.