Vigari vya kusubu kwa reli za mfano

Vigari vya kusubu ni magari madogo ya aloi ya zinki, yanayoundwa kwa kusukuma metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma. Wapenzi wa reli za mfano huvikusanya ili barabara, stesheni na yadi za mizigo zinazozunguka treni zao zisikae tupu. Wengi hudhani ni vitu vya kuchezea vilivyosogezwa karibu na treni baadaye. Sivyo. Vile maarufu zaidi vilizaliwa kwa ajili ya treni, na hadi leo hata kigari kinachokaa kabatini maisha yake yote mara nyingi hufuata kipimo cha reli.

Chimbuko

Kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, iliyoasisiwa na Frank Hornby, iliuza treni za geji (upana wa reli) ya O kuanzia 1920. Mwaka 1931 ikaongeza visanamu vya wafanyakazi wa stesheni, na Desemba 1933 ikatoa seti namba 22 yenye magari sita: mawili ya abiria, lori, gari la kupelekea bidhaa, trekta na kifaru cha vita. Mwaka uliofuata yakapewa jina la Dinky Toys, na hayakuchelewa kuingia katika nyumba zisizo na treni kabisa. Kampuni hiyo ilipoleta treni ndogo zaidi za Hornby Dublo mwaka 1938, magari ya zamani yalionekana majitu kando yake. Dawa ilianza kupatikana 1957, zilipoanza kutoka Dublo Dinky, zikiwemo Ford Prefect na pikapu ya Morris, zilizopunguzwa zilingane na reli hiyo.

Skeli

Hapa ndipo mkusanyaji mpya hupoteza fedha. Katika geji ya O ya Uingereza, futi moja ya kitu halisi huwakilishwa na milimita 7, yaani takriban 1:43. Ndiyo maana skeli ya 1:43, isiyo na mantiki yoyote kwa asiyejua reli, imekuwa kipimo cha wakusanyaji wa magari duniani kote. Gari halisi la mita 4.3 huwa na sentimita 10 katika 1:43, milimita 57 hivi katika 1:76, na 49 katika 1:87.

Vipimo hivi viwili vya mwisho huchanganywa kila siku, kwa sababu treni za OO za Uingereza (1:76) na za HO za nchi nyingine (1:87) hupita juu ya reli ya upana uleule wa milimita 16.5. Mota za awali hazikuenea ndani ya vichwa vya treni vya Kiingereza, ambavyo ni vyembamba. Mabodi yakakuzwa, reli ikabaki ilivyokuwa. Anayepima reli badala ya behewa atanunua kigari kilichopungua au kuzidi kwa karibu moja ya saba, na jicho huliona kosa hilo mara moja pale mlango wa gari unapokaribiana na mlango wa behewa. Marekani nako O ni 1:48, hivyo magari ya 1:43 huonekana manene kidogo, ilhali vigari vya 1:64 huifaa geji ya S.

Vigari vya Matchbox, vilivyoanza 1953, vinahitaji tahadhari ya pekee: kila gari lilitengenezwa litoshe kwenye kiboksi chake, basi la ghorofa na gari dogo vikakaribiana urefu. Nayo Volkswagen ya kampuni ya Corgi ya 1965, yenye rangi za mashindano ya East African Safari na kisanamu cha kifaru mnyama, ni hazina ya kabati, lakini ni kubwa mno kwa reli ya OO.

Maradhi ya zinki

Aloi inayotumika sana, zamaki, ina zinki, alumini, magnesi na shaba, na huyeyuka kwenye nyuzi 380 hivi za Selsiasi. Risasi kidogo tu ikiingia humo, metali huoza kutoka ndani: huvimba, hupasuka, kisha humeguka kama biskuti. Vigari vingi vya miaka ya 1930 vimekufa hivyo. Hakuna tiba, na unyevunyevu huharakisha uharibifu.

Kuchagua na kupanga

Tangu 1989, mabasi ya 1:76 ya Exclusive First Editions, na baadaye magari ya Oxford Diecast, yamewawezesha watu wa OO kuchagua kwa mwaka na kwa eneo. Uchaguzi huo ndio ufundi wenyewe. Injini za mvuke za British Railways, reli za taifa za Uingereza, zilikoma 1968, na huko vibao vya namba vyeupe na vya njano vikawa lazima kwa magari mapya 1973. Kibao cha njano kando ya treni ya mvuke ya 1960 huharibu mandhari nzima. Kinyume chake, Scammell Scarab, kigari cha magurudumu matatu kilichosambaza vifurushi vya reli, hutambulisha stesheni ya miaka ya 1950 kabla mtu hajaiona treni.

Wanaolenga bei huacha kigari ndani ya boksi. Mjenzi wa reli hukitoa, hufifiza mng'ao wa rangi, hupaka tope kwenye matairi na kumkalisha dereva. Thamani ya sokoni hushuka, ila kigari hurudi kwenye kazi iliyokizaa. Wenye vigari vya 1:87 pamoja na vya 1:76 huviweka vidogo nyuma, kwenye barabara inayopanda kilima, na meza ya mita moja huonekana kama bonde refu.