Elfu Tano ya Madereva wa Shanzu

Muulize dereva yeyote pale stendi ya Shanzu oili inamwagwa baada ya kilomita ngapi. Jibu halichelewi: elfu tano. Nani kasema? Fundi. Fundi naye kaambiwa na fundi mwenziwe. Sisi tulioshika spana kando ya barabara ya Malindi tangu enzi za Pijo tumeirudia hesabu hiyo mpaka vijana wanaidhani ni sheria ya serikali. Lakini ina asili yake, na asili hiyo inafaa kujulikana, maana sababu nyingi zilizoizaa zimeshaondoka, na nyingine bado tunazo.

Mzee aliyenifunza kazi alikuwa bingwa wa Volkswagen ndogo, ile ya injini nyuma iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1962. Gari lile halikuwa na rejeta. Upepo na oili ndivyo vilivyopoza injini. Oili yenyewe lita mbili na nusu tu, na filta hakuna. Chini kulikuwa na chujio la waya: tulilifungua, tukaliosha kwa petroli, tukalirudisha na gaskiti mpya mbili. Kitabu cha kampuni kilisema kilomita 5,000, na kwa injini isiyo na filta ilikuwa haki. Morris Minor nayo ilihesabiwa maili 3,000, ambazo ni kama kilomita 4,800. Kwa hiyo Mjerumani na Mwingereza, kila mmoja kwa njia yake, walifika pale pale.

Oili ya zamani nayo haikuwa hii. Namba tunazosoma kwenye galoni zilianza na wahandisi wa magari wa Marekani, SAE, mwaka 1911, na kwa miaka mingi oili ilikuwa ya namba moja tu, 30 au 40. Dawa za kusafisha zilizotiwa ndani yake zilikuwa chache, kwa hivyo masizi yalituama. Ukifungua kava ya valvu ya gari lililocheleweshwa ulikuta tope jeusi la kukwangua kwa bisibisi, limeziba mpaka njia za kurudishia oili kwenye sampu. Anayeendesha gari la leo hajawahi kuliona tope lile, na hajui kwamba ndilo babake alilokuwa akilikimbia.

Kwa upande wa dizeli, kisa kiko hapa hapa kwetu Mombasa. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na dizeli yetu ya miaka hiyo ilikuwa na salfa nyingi. Salfa ikiungua, ikikutana na maji ndani ya injini, inazaa asidi. Oili ina dawa ya kuizima asidi hiyo, lakini dawa huisha, na ikiisha vyuma ndivyo vinavyoliwa. Matatu zilipoongezeka baada ya Mzee Kenyatta kuziruhusu mwaka 1973, na baadaye zilipokuja Nissan za TD27, mafundi wengi wa Kisauni walishuka mpaka elfu tatu. Hawakuwa na maabara. Walisugua oili ya kijiti baina ya vidole viwili, wakainusa, wakaamua. Changamwe iliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu Januari 2015 dizeli ya Kenya haitakiwi kuzidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Petroli ya risasi ilikuwa imeshakwenda zake kufikia mwaka 2006. Mabadiliko makubwa haya, na hakuna aliyekuja gerejini kutwambia tubadilishe hesabu.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu ya kilomita haiwezi kulisema, nalo Shanzu tulifunzwa na mwaka 1997. Vurugu za Likoni zilipozuka Agosti ile, watalii walikimbia na hoteli za huku zikawa tupu. Magari ya safari yaliyokuwa yakienda Tsavo kila wiki yakaegeshwa chini ya minazi, miezi kwa miezi. Kazi iliporudi, madereva walichungulia kilomita: hazijafika hata elfu mbili tangu sevisi, basi twende. Tulipofungua vifuniko vya kujazia oili tulikuta utando mweupe mzito kama uji wa mchele. Hewa ya bahari inaingia, usiku inapoa, maji yanabaki ndani. Injini isipopata moto wa kutosha hayatoki. Ilibidi kumwaga oili ambayo kwa kilomita ilikuwa bado changa. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, tuliyaona yale yale.

Kilichobaki bila kubadilika ni vumbi na foleni. Daraja la maboya la Nyali la mwaka 1931 lilikuwa na foleni yake. Daraja jipya la 1980 nalo limepata yake. Matatu ya Mtwapa inanguruma Buxton kitambo kizima na kilomita hazisongi. Barabara ilipokuwa ikipanuliwa, vumbi la mawe ya matumbawe lilijaza filta za hewa mpaka zikawa nyeupe, na filta ya hewa ikishindwa, mchanga unaishia kwenye oili.

Magari yetu mengi sasa yametoka Japani, na vitabu vyake vimo ndani ya dashibodi, vimeandikwa Kijapani, havisomwi. Toyota huwaambia Wajapani kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya kawaida ya petroli, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Yenye taabo ni 5,000. Matumizi magumu ndiyo haya yetu: safari fupi, foleni, vumbi. (Na oili chafu usiimwage mtaroni. Zamani tulipaka boriti kuzuia mchwa, lakini kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka ya hatari.)

Basi uamuzi wangu ni huu. Matatu, tuktuk na gari lolote la taabo, bakini na 5,000 au pungufu. Gari la nyumbani la petroli, lenye oili ya daraja linalotakiwa na filta halisi, linafika 7,500 bila wasiwasi. Na likikaa tu uani, mwaga baada ya miezi sita hata kama kilomita hazijafika elfu moja.