Gari la kampuni: Bei hupima ushuru, si injini pekee

Mfanyakazi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki anayepewa na mwajiri gari la kutumia pia kwa shughuli zake binafsi hutozwa ushuru kwa manufaa hayo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ushuru wa Mapato, asilimia 2 ya bei ambayo mwajiri alinunulia gari huongezwa kila mwezi kwenye mapato yake. Viwango vya Kamishna wa Ushuru, vinavyofuata ukubwa wa injini, hutumika tu vinapozidi kiasi hicho.

Hivyo, gari la Sh1 milioni huongeza Sh20,000. Anayekatwa asilimia 30 hulipa Sh6,000 kwa mwezi. Gari la Sh2 milioni humgharimu Sh12,000, hata injini zikilingana. Kuchakaa kwa gari hakupunguzi hesabu hiyo.

Mwajiri akiwekea matumizi ya binafsi mipaka, Kamishna aweza kukubali kiwango cha chini. Ni busara basi kuandika kila safari daftarini.

Milima ya Othaya na Mukurweini humshawishi mtu kutaka gari kubwa. Kabla ya kutia sahihi, na apige hesabu ya mshahara utakaobaki.