Vitamini za Kupaka na Magonjwa ya Ngozi katika Nyanda za Juu za Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti hewa ya Ufipa huwa baridi na kavu, ngozi hupauka na kupasuka, na wengi hukimbilia mafuta yaliyoandikwa kuwa yana vitamini. Kwa ngozi iliyokauka kwa baridi tu, mafuta ya mgando ya kawaida, yakipakwa mara baada ya kuoga, yanatosha.

Zipo vitamini za kupaka ambazo ni dawa kamili. Tretinoini, itokanayo na vitamini A, hutibu chunusi. Hupakwa usiku kwa kiasi kidogo, na nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa. Huifanya ngozi idhurike upesi na jua, na mama mjamzito hapaswi kuitumia. Kalsipotrioli, iliyo jamii ya vitamini D, hutumika kutibu soriasisi. Zote mbili hutolewa kwa cheti cha daktari.

Linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Rukwa ni mkoa wa mahindi, na niasini iliyomo katika mahindi imefungamana kiasi kwamba mwili huipata kidogo sana. Mtu anayekula ugali kwa miezi mingi bila kitoweo cha maana huweza kuona ngozi ya shingo, mikono na miguu, pale panapopigwa na jua, ikiwa nyeusi na kubabuka kwa namna ileile kulia na kushoto. Hufuata kuhara, kisha kuchanganyikiwa akili, na asipotibiwa hufa. Hapa krimu haitibu kitu. Tiba ni vidonge vya nikotinamaidi pamoja na maharage, karanga, nyama au samaki, na samaki wa Ziwa Rukwa na Tanganyika hawako mbali. Anayejipaka nyumbani mwezi baada ya mwezi anajichelewesha kufika kituo cha afya.

Aidha, maandishi ya "vitamini C" kwenye kopo si uthibitisho wa kilichomo ndani. Vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni au steroidi ni marufuku nchini. Tangu mwaka 2019 vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwananchi anashauriwa kutonunua kipodozi kisichoorodhesha viambato vyake.