Pua-Kombo: Jina la Cameron Katika Nchi ya Kilosa

Katika Kigaeli, lugha ya milima ya Uskoti, cam ni kombo na sròn ni pua. Cameron, basi, ni Pua-kombo, lakabu ambayo ukoo wa Lochaber humnasibishia mzee wao wa kale. Mswahili haoni ajabu: lakabu nyingi za pwani zilizaliwa kwa kuutazama mwili wa mtu. Lakini wako pia Cameron wa Fife, ambao jina lao latokana na mahali, wala si puani. Kwa hiyo jina peke yake si ushahidi wa nasaba.

Mwaka 1873 Verney Lovett Cameron, ofisa wa manowari aliyezaliwa Uingereza, alitoka Bagamoyo kwenda kumsaidia Livingstone. Aliivuka mbuga ya Mkata wakati wa masika, katika nchi ambayo leo ni ya Kilosa, yenye Mabwerebwere na Mikumi, akatua Rehenneko chini ya milima ya Usagara. Robert Moffat, mtoto wa shemeji yake Livingstone, aliyeuza shamba lake la miwa huko Natal ili amfuate, alikufa kwa homa kabla ya kumfikia. Jina lake nalo ni la mji wa Uskoti, na kwa kawaida hufasiriwa “uwanda mrefu”.

Cameron wa pili, Sir Donald, mzaliwa wa Demerara, alikuwa gavana wa Tanganyika toka 1925 hata 1931. Kwa sheria ya 1926 alitaka wenyeji watawaliwe kwa wakuu wao wa jadi. Wasagara na Wakaguru huhesabu mbari kwa mama, na kila mbari ilikuwa na ardhi na wazee wake; hata hivyo, katika Ukaguru, mbari moja ya Mamboya ndiyo iliyopewa ukuu juu ya nchi nzima. Jadi hiyo ilikuwa ya ofisini zaidi kuliko ya kijijini.

Tena Uingereza hiyo hiyo, baada ya vita vya Culloden vya 1746, ambamo Cameron wa Lochaber walishindwa pamoja na wenzao, iliwanyang'anya wakuu wa koo za Uskoti haki ya kurithi uhakimu, kwa sheria ya 1747. Jambo lililoondolewa Lochaber liliimarishwa Ukaguru chini ya gavana mwenye jina la huko. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963.